Konsoli inayojua kusema "enhe"

"Mjomba, lakini mimi sijamaliza."

Mpwa wangu aliniambia hivyo Ijumaa moja baada ya Isha, tumekaa mkekani sebuleni kwa dadangu, mtaani Tudor, Mombasa, laptopu yangu ikiwa katikati yetu. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu wa Kidau, lugha ya programu ninayoiunda kwa ajili yake na wenzake, akabonyeza Enter ili ashuke mstari wa pili. Konsoli yangu, lile dirisha la kuandika kauli na kujibiwa papo hapo, haikumngoja. Ilimrukia:

```
kidau> kazi faida(mauzo, gharama)
Kosa: mstari wa 1, nilitarajia kauli baada ya ")"
```

Hakuwa amekosea hata herufi. Alikuwa ameanza kauli, akavuta pumzi, na mashine ikamkata maneno. Alinitazama kama anavyomtazama mtu mzima aliyemdhulumu, na kusema kweli alikuwa amedhulumiwa. Tangu usiku ule nimeiandika konsoli hiyo upya mara nne, na kila nikirudi mezani swali ni lile lile: mashine itajuaje kwamba mtu hajamaliza kusema?

Kidau ni lugha ndogo. Jina lina maana mbili na nilizitaka zote: dau dogo la kuvulia, na kile kichupa cha wino ambacho wanachuo wa zamani walichovya kalamu. Maneno yake makuu hayafiki ishirini: kazi, rudisha, kama, basi, sivyo, wakati, kweli, mwisho, na mengine ya namna hiyo. Mchana nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kidau ni kazi ya usiku, na ya feri, kwa kuwa naishi Likoni na mawazo mengi mazuri hunijia nikiwa nimesimama kwenye msongamano nikingoja lango lifunguliwe.

Kwa nini konsoli? Kwa sababu anayeanza akipewa faili tupu hana wa kuzungumza naye. Aandike, ahifadhi, aendeshe, kisha atafute jibu liko wapi; yote hayo kabla ya kujua kama mbili jumlisha tatu inafanya kazi. Kwenye konsoli anauliza, anajibiwa, anauliza tena. Mpwa wangu hujifunza kwa kuchokoza: anaweka namba kubwa kupita kiasi, anagawanya kwa sifuri makusudi, anauliza jina ambalo hajalitaja. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kitu cha kumjibu papo hapo.

Mzunguko wenyewe ni hatua nne: soma, tathmini, andika, rudia. Kwa Kidau unaweza kuuandika hivi, na hakuna hila:

```
wakati kweli
  andika(tathmini(soma()))
mwisho
```

Siku niliyoandika mistari hiyo nilidhani nimemaliza, na kumbe nilikuwa nimejenga mlango tu bila nyumba.

Wazo hili ni kongwe kuliko wazazi wengi wanaosoma hapa. John McCarthy alianza kuunda lugha ya Lisp mwaka 1958 katika chuo cha MIT, Marekani. Katika maelezo yake aliweka kazi (yaani function) iitwayo eval, aliyoiandika kihisabati ili kuonyesha maana ya lugha, bila nia ya kuiendesha popote. Kijana mmoja aliyefanya kazi naye, Steve Russell, aliitazama akaona kwamba inaweza kugeuzwa kuwa msimbo wa mashine, akaigeuza, na Lisp ikapata mkalimani wake, yaani programu inayosoma msimbo na kuutekeleza, juu ya kompyuta ya IBM 704. Huwa nakitafakari sana kitendo hicho. Maelezo yaliyokuwa karatasini yaligeuka kitu kinachojibu.

Lakini mashine za siku hizo zilitumiwa kwa kadi zilizotobolewa: unatoa kadi zako, unakwenda zako, unarudi baadaye kuchukua majibu. Mazungumzo yalikuja pale mtu alipoweza kukaa mbele ya mashine na kuchapa. L Peter Deutsch, akiwa bado kijana wa shule, aliandika Lisp ya kompyuta ya PDP-1 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na pale ndipo ule mzunguko wa kusoma, kutathmini na kuandika ulipokaa sawasawa. Tarehe 1 Mei 1964, kule Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz wakaendesha BASIC kwa mara ya kwanza, lugha waliyoikusudia wanafunzi wa kila fani, wakichapa kwenye mashine za teletaipu. Fikra yao ndiyo yangu: mwanafunzi asingoje jibu hadi kesho.

Turudi kwa "sijamaliza".

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Kila konsoli ikiona mabano yanayofunguka inaongeza moja, yakifungwa inapunguza moja. Ikiona "kazi", "kama" au "wakati" inaongeza. Ikiona "mwisho" inapunguza. Hesabu ikiwa juu ya sifuri, mtu bado anasema. Nililala kwa furaha usiku ule. Asubuhi mpwa wangu akaandika:

```
kidau> andika("Leo ndio mwisho wa mwezi (tarehe 30")
```

Konsoli ikaona "mwisho" ndani ya maneno ya kawaida, ikapunguza. Ikaona mabano ambayo hayakufungwa, ikaongeza. Hesabu ikawa haina maana. Nikaifundisha iruke yaliyomo ndani ya alama za kunukuu. Ikaja shida ya maelezo ya pembeni yanayoanza kwa alama ya reli (#). Nikaifundisha iyaruke nayo. Kisha mtu akaandika `5 +` akabonyeza Enter, na hakuna bano wala neno lolote lililofunguliwa, ila kila mwenye akili anajua kwamba sentensi imening'inia. Kufikia hapo nilikuwa naandika kichanganuzi (kipande kinachosoma kauli na kutambua muundo wake) cha pili, kibovu, pembeni ya kile kizuri nilichokuwa nacho tayari.

Jibu lilinijia kwenye feri. Kichanganuzi kinachosoma kauli za Kidau tayari kinajua kila kitu: kinajua kimefika wapi na kinangoja nini. Kosa langu ni kwamba nilikipa majibu mawili tu, "sawa" na "kosa". Kilihitaji la tatu. Kikikwama kwa sababu kimekutana na neno lisilofaa pale lilipo, hilo ni kosa. Kikikwama kwa sababu maneno yamekwisha huku bado kinangoja, hapo hakuna aliyekosea, mtu hajamaliza. Tofauti ya hali hizo mbili ni ndogo sana ukiiandika: pale penye kutoa kosa, uliza kwanza kama tokeni (neno au alama moja ya msimbo) uliyokwama nayo ni ile ya mwisho-wa-maandishi. Basi. Mistari ya kuhesabu niliyoihangaikia siku kumi na moja niliifuta kwa dakika moja.

Baadaye nilisoma jinsi wengine walivyofanya, na nikafarijika kuona walipita njia hiyo hiyo au ya ajabu zaidi. Konsoli ya Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, hulitazama kosa lenyewe: likiwa linasema maandishi yameisha ghafla, inalichukulia kama kosa linaloponyeka na inaendelea kusikiliza. Python, lugha ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, kwa miaka mingi ilitumia hila ambayo mimi nisingeiota. Moduli yake iitwayo codeop iliyapitisha maandishi kwenye kompaila (kitafsiri cha msimbo) kama yalivyo, kisha ikayapitisha tena na mstari mmoja mtupu ukiongezwa mwishoni, kisha na mistari miwili mitupu. Kama kosa linabaki lile lile hata ukiongeza mistari, hilo ni kosa la kweli. Kama kosa linabadilika kila unapoongeza, basi mtu alikuwa bado anaendelea. Ni sawa na kumsikiliza mtu aliyenyamaza, ukajiuliza: nikimngoja kidogo zaidi, maana yake itabadilika?

Suala hili lilinifanya nibadilishe sarufi ya Kidau yenyewe, jambo ambalo sikulitazamia kutoka kwa kitu nilichodhani ni dirisha tu la kuingilia. Mwanzoni kabisa, kabla ya ile dawa ya kuhesabu, vitalu vya Kidau (mafungu ya kauli zinazokwenda pamoja) vilifungwa kwa mabano ya mawimbi, kama katika lugha ya C. Sasa angalia: mtu ameandika "kama" na kitalu chake, akafunga bano, akabonyeza Enter. Je, amemaliza? Pengine. Pengine mstari unaofuata angetaka kuandika "sivyo". Kwenye faili hakuna tatizo, kwani unachungulia neno linalofuata. Kwenye konsoli neno linalofuata halijaandikwa. Limo kichwani mwa mtu. Ukimngoja, aliyemaliza ataona mashine imeganda. Usipomngoja, utamkata mwenye "sivyo". Python ilitatua hilo kwa kutaka mstari mtupu ufunge kitalu kwenye konsoli. Mimi niliyatupa mabano nikaleta neno moja, "mwisho", linalofunga kitalu kizima pamoja na "sivyo" yake. Likitajwa, hakuna tena cha kubahatisha. Waundaji wengi wa lugha huandika sarufi kwanza na konsoli baadaye. Nawasihi waanze na konsoli mapema, wangali wanaweza kubadili sarufi bila kuvunja programu za watu.

Likabaki suala la alama ya kukaribisha. Python huonyesha `>>>` ikingoja kauli mpya, na nukta tatu ikiwa katikati ya kauli. Nukta tatu hazimwambii mtoto wa Tudor chochote.

Marehemu bibi yangu alikuwa akitutolea hadithi nyumbani kwake Kibokoni, taa imepunguzwa. Akianza kwa "Paukwa!", sisi "Pakawa!", na baada ya hapo kila alipopumua ilikuwa lazima mmoja wetu aseme "enhe". Usiposema, naye hasemi. Atakaa kimya, kisha aulize gizani, "Mumelala?" Enhe ndiyo iliyomwambia kwamba tuko naye, kwamba tulichokisikia tumekishika, na kwamba zamu bado ni yake. Sijui neno jingine katika lugha yoyote ninayoielewa linalobeba mambo hayo matatu kwa pumzi moja. Basi nikaliweka:

```
kidau> kazi faida(mauzo, gharama)
enhe>    rudisha mauzo - gharama
enhe>  mwisho
kidau> faida(1200, 740)
460
```

Siku mpwa wangu alipoliona kwa mara ya kwanza, alicheka, kisha akaendelea kuandika bila kuniuliza chochote. Hakuna aliyemfundisha maana yake.

Sehemu iliyofuata ilikuwa ya jasho. Bonyeza mshale wa juu kwenye konsoli isiyojua kitu na utaona `^[[A` badala ya mstari wako uliotangulia. Ule mshale si kitufe kimoja kwa terminali, yaani dirisha la maandishi ambamo konsoli hukaa. Ni baiti tatu zinazofuatana, 27, 91 na 65, desturi iliyozoeleka tangu enzi za terminali ya VT100 iliyotoka kampuni ya DEC mwaka 1978. Kwa kawaida mfumo endeshi wenyewe hukukusanyia mstari, hukufutia ukibonyeza kitufe cha kufuta, na huipa programu yako mstari mzima Enter ikibonyezwa. Watu wa mfumo endeshi wa Unix huziita hali hizi kwa majina ya jikoni: hiyo ni hali iliyopikwa, na nyingine ni mbichi. Ukitaka mishale, ukitaka kurudi nyuma kurekebisha herufi, lazima uiombe terminali mbichi, na tangu hapo kila kitu ni juu yako: kuchora herufi, kusogeza kishale, kufuta.

Na lazima uirudishe ilivyopikwa ukiondoka. Programu ikianguka ikiwa katika hali mbichi, anayebaki anachapa na haoni anachochapa. Ilimtokea kijana mmoja wa jirani aliyekuja kujaribu Kidau, akadhani ameharibu laptopu ya watu, akawa anaomba radhi. Nilimwandikia `reset` kwa kupapasa, skrini ikarudi, lakini uso wake ulinikaa moyoni. Siku hiyo hiyo niliweka ulinzi kwamba konsoli iirudishe terminali hata kama yenyewe inakufa.

Zipo maktaba za kazi hii, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ili wengine wautumie. Readline ya mradi wa GNU, aliyoianzisha Brian Fox na inayotunzwa na Chet Ramey, ndiyo iliyo ndani ya Bash, programu ya kuandikia amri kwenye terminali. Ni pana na imepevuka, ila leseni yake ya GPL inataka programu inayoitumia nayo ifuate masharti hayo. Salvatore Sanfilippo, mtunzi wa hifadhidata ya Redis, aliandika linenoise, ndogo kiasi kwamba unaweza kuisoma yote jioni moja. Niliisoma, nikajifunza, kisha nikaandika ya kwangu kwa sababu moja: ng'.

Herufi za Kiswahili hazina taabu kwa kompyuta, ila ng' ina taabu zake. Lugha nyingi za programu huruhusu maneno yanukuliwe kwa alama moja, na mimi niliiga bila kufikiri. Andika `'ng'ombe'` uone: kwa mashine, nukuu imefunguka, ikabeba "ng", ikafungwa, na "ombe" imebaki nje yatima. Nikaondoa nukuu ya alama moja kabisa. Kidau inanukuu kwa alama mbili tu. Kisha mtu anataka jina lenyewe liwe ng'ombe, kama `ng'ombe = 12`, na ni haki yake. Sasa kisoma-tokeni changu kina kanuni ambayo sijaiona kwingine: ritifaa (') baada ya "ng" ni sehemu ya neno.

Halafu zikaja simu. Watoto huandikiana msimbo kwa WhatsApp, na kibodi za simu nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa UTF-8, namna ambayo kompyuta huhifadhi herufi, ile iliyonyooka ni baiti moja, na iliyopinda ni baiti tatu: 226, 128, 153. Kihariri changu cha mstari kilikuwa kinafuta baiti moja kwa kila kubonyeza, kwa hiyo kilikuwa kinaikata ritifaa mapande na kuacha takataka kwenye mstari. Nikakifundisha kurudi nyuma hadi mwanzo wa herufi kamili, na nikazifanya ritifaa zote mbili kuwa sawa mbele ya kisoma-tokeni. Ilinichukua wiki nzima ili mtoto aweze kuandika ng'ombe, na ningeirudia.

Sasa makosa. Kanuni ya kwanza ya konsoli, kwa maoni yangu, ni kwamba kosa halimfukuzi mtu. Programu ya faili ikikosea inaweza kufa. Konsoli ikikosea ieleze, kisha irudi kwenye `kidau>` na majina yote aliyokwisha kuyataja yakiwa mahali pake. Nilichanganua kauli nzima kabla ya kuendesha hata kipande chake, ili kosa la sarufi lisiache kazi nusunusu. Makosa ya wakati wa kuendesha ni jambo jingine: mstari ukiweka `a = 5` kisha ukagawanya kwa sifuri, je, `a` ibaki? Niliamua ibaki. Mtu alisema, na mashine ilisikia. Si haki kujifanya haikusikia.

Jina likikosewa, konsoli inatafuta lililo karibu nalo:

```
kidau> bie * 10
Sijalijua jina "bie". Je, ulikusudia "bei"?
```

Ukaribu huo hupimwa kwa hesabu aliyoieleza Vladimir Levenshtein mwaka 1965: unahitaji mabadiliko mangapi ya herufi, kuongeza, kuondoa au kubadili, ili neno moja liwe jingine. Kwa hesabu hiyo "bie" na "bei" zina umbali wa mbili, na umbali wa mbili ni hatari kwa majina mafupi kama yetu. Bei, bao na bia zote zingepatana. Frederick Damerau, mwaka mmoja kabla, alikuwa ameshughulikia pia kosa la herufi mbili jirani kubadilishana nafasi, na ukilihesabu hilo kuwa badiliko moja, "bie" inakuwa hatua moja tu. Nikaweka kikomo cha hatua moja. Matokeo yake yalinishangaza kwa uzuri. Kosa linalojirudia zaidi kwa wanafunzi wangu si la kidole kuteleza. Mtu ametaja `vikapu` juu, akija chini anaandika `kikapu`. Umoja na wingi. Ngeli ya ki-vi hubadilika herufi moja, na mtungi ukiwa mitungi umeongeza moja. Kikomo nilichokiweka kwa hofu ya majina mafupi ndicho hasa kinachonasa ngeli. Watu na mtu wananiponyoka, kwani hapo ni hatua mbili. Hilo bado nalifikiria.

Kwenye kuandika majibu niligombana na nafsi yangu kuhusu mambo madogo ambayo kumbe si madogo. Kauli kama `bei = 10` isijibiwe kitu, kwa kuwa mtu hakuuliza. Kauli kama `bei * 3` ijibiwe. Maneno yaonyeshwe na alama zake za kunukuu, ili "5" ya maneno isifanane na 5 ya namba. Na jibu la mwisho lipewe jina, ili lisipotee. Python hulihifadhi kwenye kistari cha chini. Sisi tunalo neno la kazi hiyo tangu zamani, kionyeshi cha kitu kilichokwisha kutajwa:

```
kidau> 120 * 10
1200
kidau> hiyo - 740
460
```

Mpwa wangu alikuwa anahesabu mahamri ya mamake. Vipande 120 kwa shilingi 10, toa unga, nazi, mafuta na sukari. Alisema kwa sauti, "hiyo, toa mia saba na arubaini," huku akiandika, na alichosema na alichoandika vilikuwa kitu kimoja. Katika kazi yote hii hakuna jambo lililonipa furaha kama hilo.

Kuhusu kukatiza, nitasema machache. Mtoto ataandika `wakati kweli` bila njia ya kutoka, hilo halikwepeki. Ctrl na C huipelekea programu ishara ya SIGINT, na usipoishughulikia, programu inakufa na kila kitu kilichomo. Haifai kufanya mengi ndani ya kishughulikia-ishara. Changu kinapandisha bendera moja tu, na mkalimani huitazama bendera hiyo kila mzunguko unapogeuka. Ikiwa juu, anaishusha, anaacha alichokuwa akifanya na kurudi kwenye `kidau>`. Ili hilo liwezekane, terminali iwe mbichi wakati wa kusoma tu. Wakati wa kutathmini irudi ilivyopikwa, la sivyo Ctrl na C inakuwa baiti ya kawaida, 3, na hakuna anayeisoma.

Na stima. Betri ya laptopu yangu imechoka, stima ikikatika dakika kumi ni nyingi. Usiku mmoja wa mvua za masika tulipoteza saa mbili za kazi ya mpwa wangu kwa mpigo, na alilia. Tangu hapo kila kauli iliyokubaliwa huandikwa kwenye faili papo hapo, kabla jibu halijaonyeshwa. Ukiandika `:rejesha`, konsoli inazipitia tena kauli zile moja baada ya nyingine, kimya, bila kuchapisha tena yaliyokwisha kuchapishwa. Zilizokosea hazimo. Nilifikiria kuhifadhi thamani zenyewe badala ya kauli, lakini kauli zinasomeka, na mpwa wangu hupenda kuzisoma. Huziita daftari lake.

Lililobaki ni kubandika. Ukibandika mistari kumi kwa pamoja, konsoli huisoma kana kwamba umeichapa, na "enhe" zinamiminika ovyo. Terminali za kisasa zinaweza kuzungushia kilichobandikwa alama maalumu mwanzoni na mwishoni, nami nimeanza kuzisoma, bado hazijakaa sawa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena Tudor. Mpwa wangu alikuwa katikati ya kazi ya kupanga oda za mahamri za wiki nzima, mistari sita tayari, kila mmoja ukifuatwa na "enhe" yake. Mamake akamwita jikoni akaukande unga. Akainuka, akaniambia, "Mjomba, usiguse."

Sikugusa. Skrini ilibaki na `enhe>` na kishale kikipepesa, na mimi nikanywa chai yangu. Aliporudi mikono ilikuwa na unga hadi viwikoni. Alipangusa kidole kimoja kwenye kanga, akaandika "mwisho", na konsoli ikampokea pale pale alipoachia.